Kubadilisha mdomo wa ekzosi ya pikapu ukiwa nyumbani Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na wenye Hilux, Ranger, L200, D-Max, Navara na pikapu nyingine zinazozunguka mjini na mizigo. Yamefuata mwendo wa kazi yenyewe, kuanzia dukani hadi kukaza nati ya mwisho, ingawa machache yamejipenyeza katikati kwa sababu watu huyauliza wakiwa tayari wamelala chini ya gari.

Mdomo wa ekzosi ni kipande gani hasa?

Ni kile cha mwisho kabisa, kinachovalishwa juu ya bomba la nyuma. Ekzosi yenyewe ni mfumo mzima: moshi unatoka kwenye injini, unapita kwenye masega (kisafisha moshi, kwa magari yenye nacho), unaingia kwenye sailensa, ndipo unafika kwenye bomba la mwisho. Mdomo una kazi mbili: kuutoa moshi nje ya bampa na bodi, na kupendezesha. Pikapu nyingi za kazi hutoka kiwandani bila mdomo wowote. Bomba limekatwa tu na kugeuziwa pembeni nyuma ya tairi. Kwa hiyo wengi wanaosema wanabadilisha, kwa kweli wanaongeza kitu ambacho hakikuwapo, na hapo vipimo ndivyo vinavyoamua kila kitu.

Utaongeza nguvu ya gari au kupunguza ulaji wa mafuta?

Hapana. Upana wa njia ya moshi umeshaamuliwa na mabomba na sailensa kabla haujafika pale nyuma. Anayekuambia kinyume anauza.

Na mlio?

Unabadilika kidogo, hasa ukiweka mdomo mpana wenye kuta mbili. Gari ikianza kunguruma ghafla baada ya kazi, usifurahi: kuna mahali pamefunguka. Pengine ulilitikisa bomba wakati wa kulitoa la zamani ukapasua kiungo kilichokuwa kimeshaliwa na kutu huko mbele.

Nipime nini kabla ya kwenda Kariakoo?

Hili ndilo swali la kutulia nalo, maana midomo mingi inayorudishwa dukani inarudi kwa kosa hili. Unachotafuta ni kipenyo cha nje cha bomba la gari lako. Kwenye mdomo mpya, kinachokuhusu ni kipenyo cha ndani cha shingo, yaani upande unaovalishwa juu ya bomba. Upana wa upande wa nje, ule unaong'aa, ni wa macho tu. Wauzaji wengi hutaja huo kwanza kwa sababu namba yake ni kubwa.

Kama una kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, pima moja kwa moja. Pima sehemu tatu tofauti kuzunguka bomba, kwa sababu bomba lililogongwa na matuta au kubanwa na klampu (pete ya chuma ya kubania) kwa miaka huwa yai, si duara. Chukua kipimo kikubwa. Kama huna kalipa, zungusha uzi kwenye bomba, weka alama unapokutana, unyooshe kwenye rula, kisha gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 180 unakupa bomba la milimita 57 na kidogo, ambalo dukani huitwa la inchi mbili na robo. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo inchi mbili ni karibu 51, mbili na nusu ni 63.5, na tatu ni 76. Yaandike haya kwenye simu, kwa sababu ukifika dukani utakutana na inchi na milimita zimechanganywa kwenye rafu moja.

Shingo ya mdomo iwe kubwa kuliko bomba kwa milimita moja hadi tatu. Ikilingana kabisa haitaingia, maana bomba lina kutu na rangi iliyojikunja. Ikizidi sana itacheza, na klampu itaikunja shingo badala ya kuibana.

Pima pia urefu wa bomba lililonyooka kabla ya kona. Unahitaji sentimita nne au tano za kuvalisha. Pikapu nyingine kona iko karibu sana na mwisho, na hapo mdomo mrefu ulionyooka hautakaa hata ukiubembeleza.

Mwisho, piga picha ya nyuma ya gari ukiwa umechuchumaa, bampa na bomba zote zionekane. Fundi wa dukani ataielewa picha hiyo haraka kuliko maelezo yako.

Ninunue wa chuma gani? Wote unang'aa.

Siku ya kwanza wote unang'aa, ndiyo. Tofauti inaonekana baada ya masika moja.

Ule wa bei ya chini kabisa ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Kromu yenyewe ni ngumu, lakini ni tabaka jembamba sana. Jiwe moja la barabara ya vumbi likilichubua, maji yanaingia chini yake na kutu inatembea kimyakimya mpaka kromu inabanduka vipande. Kwa gari linalolala Kigamboni, Kunduchi, Msasani au Mbezi Beach, ambako upepo wa bahari huja na chumvi, sipendekezi kabisa. Ukikaa Kimara, Goba au ile Mbezi nyingine ya Barabara ya Morogoro, utapata muda zaidi, lakini mwisho ni uleule.

Unaotaka ni wa stenlesi, na stenlesi zenyewe si moja. Daraja la 304 lina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, na ndilo chaguo zuri kwa mdomo wa ekzosi. Daraja la 409 lina kromiamu karibu asilimia 11 tu. Viwanda hulitumia sana kwa mabomba ya ekzosi kwa sababu linavumilia joto na ni la bei nafuu, lakini juu yake litapata rangi ya kutu. Kuna pia 201, ambalo sehemu ya nikeli imebadilishwa na manganizi. Linang'aa vizuri sana dukani, ila pwani linachoka mapema. Daraja la 316, lenye molibdeni, ndilo linalostahimili chumvi kuliko yote haya, lakini kulipata kwenye midomo ya magari ni bahati.

Nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyoharibika. Muuzaji akisema, "Bosi, hii 304 orijino," iguse. Ikinasa kwa nguvu, si 304. Isiponasa, bado hujawa na uhakika, kwa sababu 201 nayo hainasi. Sumaku inamfichua mwongo mmoja na kumwachia mwingine, ila inapunguza sana hasara. Kisha angalia ndani ya mdomo, si nje: mdomo uliopakwa kromu mara nyingi ndani una rangi ya kijivu au tayari una madoa ya kahawia.

Nitapata wapi?

Maduka ya spea ya Kariakoo, hasa kuelekea Gerezani, na Ilala kwa vitu vya mtumba. Mdomo wa mtumba uliotoka kwenye gari la Japani mara nyingi una chuma kizuri kuliko mpya wa bei chee. Uchague kwa kuugonga na kucha na kuukagua kwenye maungio yaliyochomelewa, ndipo kutu huanza.

Wa klampu, wa skrubu au wa kuchomelea?

Wa klampu una shingo iliyochanwa mistari, unaubana kwa klampu moja kuizunguka. Kwa kazi ya nyumbani ndio ninaoupendekeza: unabana sawasawa pande zote, unaweza kuuzungusha ukanyooka, na unatoka bila vita.

Wa skrubu una bolti mbili au tatu zinazochoma bomba kutoka pembeni. Unashika, lakini bolti zikikazwa kwa zamu mbaya mdomo unakaa upande. Kaza moja kidogo, hamia nyingine, rudi tena. Na kwa bomba lililoliwa na kutu, bolti hizo zinaweza kutoboa kabisa.

Wa kuchomelea hautoki wala hauibiwi. Lakini ni kazi ya fundi, na nitaieleza mbele.

Ninahitaji vifaa gani?

Spana au boksi spana za saizi ya nati ulizonazo, mara nyingi 10, 12, 13 au 14. Brashi ya waya, msasa, mafuta ya kulegeza kutu (WD-40 au yanayofanana nayo), msumeno wa chuma, tupa, glovu nene, na miwani ya kazi. Miwani usiiruke, unapolala chini ya gari, kutu yote inayodondoka inadondokea machoni.

Grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi za bolti itakufanya ujishukuru mwakani.

Lazima nipige jeki?

Pikapu nyingi zina nafasi ya kutosha huko nyuma, huhitaji kuinua chochote. Kushusha tairi la spea linaloning'inia chini ya bodi kunakupa nafasi kubwa kuliko jeki, na pia kunaliondoa karibu na cheche kama utakuja kutumia grenda.

Kama ni lazima uinue, basi usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi mbili imara. Uwanja mwingi wa Dar ni mchanga, na jeki kwenye mchanga inazama upande mmoja huku wewe unaangalia nati. Tafuta ubao mnene na mpana uweke chini ya jeki na chini ya kila stendi. Handibreki juu, gia ya kwanza au P, na kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi za mbele. Matofali ya saruji hayafai kubeba gari. Yanapasuka bila kutoa taarifa. Watoto wa mtaani watakuja kuangalia, wape kazi ya kuleta maji, mbali na gari.

Ekzosi inahitaji muda gani kupoa?

Ukitoka kwenye foleni ya Ubungo, ipe saa moja au mbili. Fanya asubuhi kabla hujawasha gari, ndiyo rahisi zaidi.

Mdomo wa zamani umegoma kutoka. Nifanye nini?

Karibu kila mmoja utagoma, hasa kwa gari lililokaa pwani. Anza jana yake jioni: sugua kiungo kwa brashi ya waya, nyunyizia mafuta ya kulegeza, rudia baada ya saa kadhaa, uyaache yalale hapo usiku kucha. Mafundi wengi hutumia dizeli kwa kazi hii, na inasaidia, ila ifute yote kabla ya kuwasha gari, la sivyo litatoa moshi na harufu ambayo majirani watakuulizia.

Asubuhi, jaribu kukaza nati kidogo kwanza kabla ya kulegeza. Ule mtikisiko wa kurudi nyuma na mbele unavunja kutu bila kuvunja bolti. Bolti ikikatika, usihuzunike, klampu ya zamani hukuihitaji. Kisha zungusha mdomo kushoto na kulia huku ukiuvuta. Kuuvuta moja kwa moja kwa nguvu kutakupeleka chini na mgongo, na raba zinazobeba ekzosi zitachanika.

Ukigoma kabisa, usilikate bomba. Upasue mdomo wenyewe. Kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, 24 au 32 kwa inchi, kata mstari kwa urefu wa shingo, kina cha bati la mdomo tu. Kata mwingine upande wa pili. Kisha ingiza tindo kwenye mstari, gonga kidogo, bati linafunguka na kuchomoka. Ni kazi ya taratibu, lakini inaliacha bomba zima, na bomba zima ndilo ulilonalo la kuvalishia mdomo mpya.

Si nitumie grenda, nimalize kwa dakika mbili?

Unaweza, kama unajua kuishika. Lakini angalia kwanza cheche zitaruka wapi. Chini ya pikapu kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki, nyaya za ABS, tairi la spea, na bampa lenye plastiki. Geuza upande ili cheche zitoke nje ya gari, funika vinavyobaki kwa kitambaa kilicholowa, weka ndoo ya mchanga karibu. Kama mafuta ya kulegeza uliyonyunyizia jana bado yanameremeta, yafute kwanza.

Kwa mdomo mmoja, mimi nashika msumeno. Hata umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Nimeutoa, nimekuta bomba limetoboka. Mdomo mpya si utaficha?

Utaficha macho ya watu. Moshi utaendelea kutoka pale pale, nyuma ya mdomo wako mpya, chini ya bodi. Sugua kutu, kisha bonyeza bomba kwa bisibisi pande zote. Likiwa gumu na kutu ni ya juu tu, endelea. Likibonyea au bisibisi ikipenya, kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, au mpelekee fundi akuungie kipande.

Ekzosi huoza kutoka ndani, na chanzo ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Safari ndefu inaukausha. Safari fupi za sokoni na shule, zile ambazo bomba halipati moto wa kutosha, zinauacha ukigeuka matone na kutuama kwenye sailensa pamoja na tindikali. Ndiyo maana matone ya maji kwenye mdomo asubuhi si ugonjwa. Na ndiyo maana sailensa nyingi huja na kitundu kidogo chini cha kutolea maji. Fundi akikiziba akidhani ni tobo la kutu, ameifupishia maisha.

Sasa navalishaje mpya?

Sugua mwisho wa bomba kwa brashi na msasa mpaka chuma kionekane, toa ncha zilizochomoza kwa tupa. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za klampu. Ivalishe klampu kwenye shingo kwanza, kisha ingiza mdomo sentimita nne au tano. Nati ya klampu iangalie chini au pembeni, mahali spana itakapofika hata siku nyingine.

Kaza mpaka ushike bila kucheza, usimalize. Sasa rudi nyuma hatua tano na uangalie. Ukiwa chini ya gari kila mdomo unaonekana umenyooka. Ukisimama unauona umeinama. Linganisha na ukingo wa chini wa bampa. Geuza, rudi nyuma, angalia tena. Hapo ndipo unapokaza mwisho, na kukaza kuna mpaka: bomba likianza kubonyea umepita.

Pana jambo ambalo huwaponyoka wengi. Ekzosi inaning'inia kwenye raba, na injini ikiwashwa au kuzimwa inayumba, hasa ya dizeli. Acha nafasi ya sentimita mbili hadi tatu kati ya mdomo na bampa kila upande. Shika bomba likiwa baridi, litikise kwa nguvu. Kisha mwambie mtu awashe gari, apige resi, azime, wewe ukiwa pembeni unaangalia. Ukisikia kugonga, rekebisha sasa hivi. Bampa la plastiki likigusana na mdomo wa moto linayeyuka, na harufu yake haitoki upesi.

Baada ya safari chache, bomba likiwa limepoa, kaza tena kidogo. Joto hutanua na kupoa hukaza, na klampu mpya hulegea katikati ya mchezo huo.

Mdomo ni mkubwa kuliko bomba. Naweza kuweka bati katikati?

Nunua adapta ya kupunguza saizi, ndiyo njia safi. Ukanda wa bati la stenlesi uliozungushwa vizuri mara moja au mbili unafanya kazi kama pengo ni la milimita chache. Usitumie bati la mabati ya kuezekea: zinki yake inayeyuka kwa nyuzijoto 420, na ukija kulichomelea baadaye moshi wake unaleta homa na kichefuchefu. Kopo la soda nalo acha.

Fundi wa mtaani anaweza kuuchomelea?

Anaweza, ila muulize ana mashine gani. Bati la mdomo ni jembamba, na mashine ya kawaida ya rodi, ile inayotengenezea mageti, inalitoboa haraka. Anayechomelea kwa gesi ya argoni ndiye wa kumtafuta, Gerezani hutawakosa. Kama unaunganisha stenlesi na bomba la chuma cha kawaida, rodi au waya inayofaa ni ya daraja la 309L, iliyotengenezwa kwa ajili ya vyuma viwili tofauti. Rodi ya kawaida itashika leo, na mstari wa maungio utakuwa wa kwanza kuota kutu.

Kabla hajaanza, fungua waya wa hasi wa betri. Ile klampu ya ethi, ya waya unaorudisha umeme kwenye mashine, aifunge kwenye bomba lenyewe, karibu na anapochomelea. Akiifunga mbele kwenye chesi, umeme utatafuta njia yake kupitia vitu ambavyo hutaki upite. Pointi tatu au nne zinatosha. Kuuzungushia mstari mzima ni kujinyima nafasi ya kuutoa siku ukiharibika.

Mdomo uelekee wapi: chini, pembeni au nyuma?

Ukielekea chini unatimua vumbi, na kwa wanaokaa njia za mchanga gari zima la nyuma linakuwa la rangi moja. Pembeni, nyuma ya tairi, ni sawa kwa pikapu ya kazi, ila usiangalie upande ambao watu wanapakia mizigo au abiria wanasubiri. Nyuma ni mzuri mradi mdomo upite ukingo wa bampa.

Kwa nini lazima upite bampa?

Kwa sababu ya moshi usioonekana. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gari likitembea, nyuma yake hewa huzunguka na kurudi kulifuata, hivyo moshi unaotokea chini ya bodi hauendi mbali. Unapanda kupitia matundu ya bodi, unaingia chini ya turubai au kanopi, na dirisha la nyuma la kebini likiwa wazi unaingia na humo. Kama pikapu yako hubeba watu nyuma, jambo ambalo sote tunaliona kila siku barabarani, hili ndilo la kukagua kabla ya uzuri. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wote walioko ndani kwa pamoja ni ishara ya kusimama na kushuka.

Na usijaribu injini ndani ya banda lililofungwa ili usikie mlio mpya.

Pikapu yangu ni ya dizeli, mpya kidogo, na mdomo wake una nafasi za hewa pembeni. Niziondoe?

Usiziondoe. Baadhi ya dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi ambacho hujisafisha chenyewe kwa kuyachoma, na ndani yake joto hufika karibu nyuzi 600. Nafasi zile huvuta hewa ya nje ichanganyike na moshi upoe kabla ya kutoka. Ukiweka mdomo wa kawaida uliofungwa, unaitoa hewa hiyo moto juu ya nyasi kavu au miguu ya mtu. Kwa gari la namna hii tafuta mdomo wa aina ileile au uache ulionao.

Mdomo umebadilika rangi, dhahabu kisha buluu. Nimeuziwa feki?

La. Stenlesi ikipata joto hujenga tabaka la oksidi juu, na rangi inategemea joto. Wengine hulipia kuipata hiyo rangi.

Nauoshaje?

Sabuni ya maji na kitambaa, ukiwa umepoa. Stili waya ya kusugulia masufuria usiiguse kabisa: inaacha chembe za chuma cha kawaida kwenye stenlesi, chembe zinaota kutu, halafu unamlaumu muuzaji. Angalia pia maji unayooshea. Sehemu nyingi za kuosha magari Dar hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Gari linatoka safi kwa macho, chini limepakwa chumvi. Malizia kwa kuusuuza na maji ya bomba, kisha ufute. Masizi meusi ya ndani kwa dizeli ni kawaida. Kwa petroli, masizi mazito meusi yanayorudi upesi yanaashiria injini inakula mafuta mengi kuliko hewa, na hilo halioshwi.

Trafiki atanisumbua?

Kwa mdomo uliokaa vizuri, bila kelele, hakuna sababu. Ukitoa sailensa ili ungurume usiku, au gari likifuka moshi, umempa sababu mwenyewe. Mdomo uliochomoza nyuma ya bampa kwa kiganja kizima nao ni tatizo: utamchoma mguu mwendesha bodaboda kwenye foleni.

Midomo miwili, mmoja kila upande, kwa bomba moja?

Kama ule wa pili haupitishi moshi, ni pambo, na ni hiari yako. Ila usiuning'inize uzito wake wote kwenye raba za zamani. Zibonyeze kwanza, zikiwa na nyufa, badilisha. Raba ni bei ndogo, ekzosi iliyodondoka Barabara ya Mandela saa mbili asubuhi ni hadithi nyingine.

Nimekata bomba, sasa ni fupi, mdomo haufiki kwenye bampa.

Usiusogeze mdomo nje mpaka ushikwe na sentimita moja, utadondoka. Nunua kipande cha bomba la kipenyo kilekile chenye upande mmoja uliotanuliwa, kiingie juu ya bomba lako, ukibane kwa klampu au ukichomelee, kisha uvalishe mdomo juu yake. Kata kipande kikiwa kirefu kidogo kuliko unavyodhani, ukijaribishe kwenye gari, ndipo upunguze.